Mifuko Miwili ya Saruji

"Jieleze kwa ufupi."

Mpwa wangu alipojibu swali hilo mara ya kwanza, nilikuwa nimewasha kinasa sauti cha simu. Dakika nne na ushee. Alianzia zahanati alikozaliwa, akapitia shule zote, na alipofika kwenye kazi ya stoo, ambayo ndiyo aliyoitiwa usaili, pumzi zilikuwa zimemwishia. Sifa nazo zilimiminika: mchapakazi, mwaminifu, anajituma. Nikamuuliza ni msailiwa gani atakwenda kujiita mvivu. Akacheka. "Mjomba, ndivyo tulivyofundishwa."

Basi tukaacha kutunga sentensi, tukatafuta visa. Maswali ya "tupe mfano wa siku ambayo..." yana ukoo wake. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, aliyeshughulikia uteuzi wa marubani wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichapisha mwaka 1954 mbinu ya kukusanya matukio ya kazini: kilitokea nini, mtu alifanya nini hasa, ikaishaje. Jopo likisikia neno "mwaminifu" halina cha kuandika. Likisikia kisa, lina pa kuchimba.

Kisa chake kilikuwa cha saruji. Katika duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa akijitolea, hesabu ya mwisho wa mwezi ilipungua mifuko 12. Watu walishaanza kumnyooshea kidole mpakiaji. Yeye akachukua leja na daftari la getini, akalinganisha tarehe kwa tarehe. Jumamosi moja mifuko 10 ilikuwa imetoka kwa karatasi iliyosahaulika kwenye droo. Miwili haijaonekana hadi leo.

Hiyo miwili alitaka kuificha. Nilikataa katakata. Hesabu ingekaa sawa yote, kisa kingenuka kupikwa. Ile miwili ndiyo inayokifanya kisadikike. Isitoshe, ilituondolea lile jibu la kuchosha la udhaifu, "napenda kila kitu kiwe sawa kupita kiasi", ambalo nadhani majopo yamelisikia hadi yanalala. Udhaifu wake halisi ulikuwa kuamini kwamba karatasi itaingizwa kwenye leja baadaye. Siku hizi haruhusu mzigo utoke kabla hajaandika. Kisa kimoja, maswali mawili yamejibiwa, na utangulizi wa kujieleza ukashuka hadi dakika moja na nusu.

La mshahara halikutuchukua muda: aliulizia watunza stoo watatu wanalipwa kiasi gani, akapata kiwango cha kutaja.

Nilimkataza kukariri. Alibeba kijikaratasi chenye maneno manne tu: saruji, leja, droo, miwili.

Siku ya usaili mjumbe mmoja hakuuliza habari ya upungufu kabisa. Aliuliza, "Hiyo saruji mlikuwa mnaipangaje?" Hatukuwa tumefanyia mazoezi swali hilo. Akajibu: juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta isivute unyevu, na iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Mjumbe akainama, akaandika.