Nakala na Mkusanyaji: Suala la Matini katika Filamu Kongwe za Bunilizi za Kisayansi

Utangulizi

Mhakiki wa utenzi hawezi kuanza kazi yake kabla ya kujibu swali moja la msingi: ni mswada gani anaouhakiki? Anayeichambua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anafahamu kwamba miswada ya utenzi huo haifanani kwa kila hali, na kwamba toleo alilolichapisha William Hichens mwaka 1939 ni kazi ya mhariri aliyechagua, akapanga na kuamua. Taaluma yetu imelizoea suala hili kiasi kwamba mwanafunzi wa uzamili asiyetaja mswada wake hurudishiwa tasnifu yake.

Ajabu ni kwamba tunapoigeukia filamu, uangalifu huo hutuponyoka. Tunaandika "filamu hii" kana kwamba ipo moja tu, ilhali tulichokitazama ni mkanda au diski iliyotengenezwa na kampuni fulani, mwaka fulani, kutokana na nakala fulani. Hali hii hudhihirika zaidi katika filamu kongwe za bunilizi za kisayansi. Kwa muda mrefu filamu hizi zilihesabiwa kuwa burudani ya watoto, na aghalabu zilikatwa, zikafupishwa na kubadilishwa bila ya mtu kuona kwamba ametenda kosa.

Makala hii inadai mambo mawili. Kwanza, mtu anayekusanya filamu hizi nyumbani kwake hushiriki katika kazi ya uhariri wa matini, hata kama hakukusudia. Pili, mhakiki asiyeichunguza nakala iliyo mbele yake yumo katika hatari ya kuyahukumu makasi ya mtu mwingine akidhani kwamba anaihukumu kazi ya msanii. Tutazitumia filamu tatu kuthibitisha madai haya: Forbidden Planet (1956), Metropolis (1927) na Gojira (1954).

Mkanda na Upeo wa Picha

Kabla ya miaka ya katikati ya 1970, mpenzi wa filamu kongwe alilazimika kusubiri hisani ya sinema au ya kituo cha televisheni. Kampuni ya Sony ilipoleta Betamax mwaka 1975, na JVC ikafuatia na VHS mwaka 1976, filamu iliingia katika rafu ya nyumbani kama kitabu. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu anayenasa kipindi cha televisheni nyumbani ili akitazame baadaye havunji haki za mwenye kazi. Wapenzi wa bunilizi za kisayansi walinufaika mno, kwani filamu nyingi za utanzu huu zilionyeshwa usiku wa manane, wakati ambao wahakiki wa magazeti walikuwa wamekwisha lala.

Hata hivyo, kitabu kinapochapishwa upya maneno hubaki yaleyale, ilhali filamu iliyohamishiwa katika mkanda ilibadilika umbo. Tuichukue Forbidden Planet. Msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kuifikia filamu hii, kwa kuwa msuko wake unafuata kwa karibu tamthilia ya Shakespeare ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa jina la Tufani mwaka 1969. Morbius, msomi aliyejitenga katika sayari ya mbali pamoja na binti yake, anashika nafasi ya Prospero. Altaira ni Miranda. Roboti Robby anatumikia kama Ariel. Na zimwi lisiloonekana, ambalo hatimaye tunagundua kwamba limezaliwa na nafsi ya Morbius mwenyewe, ni Kalibani aliyehamishiwa ndani ya akili ya bwana wake.

Filamu hii ilipigwa kwa mfumo wa CinemaScope, ambao upana wa picha yake unazidi kimo chake zaidi ya mara mbili. Kioo cha televisheni ya zamani kilikaribia umbo la mraba. Ili picha ikijaze kioo, watengenezaji wa kanda walichagua sehemu tu ya fremu na kuisogeza huku na huko kufuatana na mzungumzaji. Zaidi ya theluthi ya picha ilipotea. Wahusika wawili waliosimama katika pembe mbili za chumba wakawa hawaonekani pamoja; mmoja alisema, kisha mwingine akajibu kutoka mahali tusipopaona. Katika hadithi inayohusu baba anayeogopa kumpoteza binti yake kwa mgeni, umbali baina ya miili ni sehemu ya maudhui. Mhakiki aliyeutumia mkanda wa namna hiyo na kuandika kuhusu matumizi ya mandhari aliandika, pasi na kujua, kuhusu maamuzi ya fundi wa maabara.

Metropolis na Kosa la Mhakiki

Hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kufundisha nilikuwa na mkanda wa Metropolis, filamu ya Fritz Lang iliyoandikwa na Thea von Harbou. Ulikuwa mmojawapo wa kanda nyingi za bei nafuu zilizotolewa katika kipindi ambacho haki za filamu hiyo zilikuwa zimekwisha nchini Marekani, kabla ya kurejeshwa mwaka 1996. Picha zilikuwa na ukungu, nyuso zimepauka, na hadithi ilirukaruka. Katika mkanda huo, Rotwang anaunda roboti mwenye umbo la mwanamke bila ya sababu inayoeleweka, isipokuwa kwamba mashine zitachukua nafasi ya wafanyakazi. Niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba uhusika wa Rotwang ni mwembamba kwa makusudi: kwamba mwanasayansi katika filamu hii hana historia wala moyo, na kwamba ukosefu huo ndio unaofichua itikadi ya mfumo unaomtumia kama chombo. Nadharia hiyo ilinipendeza.

Mwaka 2011 mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea diski ya toleo lililozinduliwa Berlin mwezi Februari mwaka uliotangulia. Ndani yake Rotwang ana historia na ana moyo. Alimpenda mwanamke aitwaye Hel. Hel akamwacha na kuolewa na Joh Fredersen, mtawala wa jiji, kisha akafariki alipomzaa Freder. Rotwang amemjengea sanamu na kuificha nyuma ya pazia. Roboti anaundwa ili Hel arudi. Fredersen anapoamuru kwamba roboti apewe sura ya Maria ili awapotoshe wafanyakazi, Rotwang anatii huku akipanga kulipiza kisasi. Msuko wote unasimama juu ya msiba huo mmoja. Pengo nililolijengea nadharia lilikuwa pengo la makasi.

Historia ya makasi hayo inajulikana. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927 ikiwa na urefu wa mita 4,189. Mwaka huohuo mwandishi wa tamthilia Channing Pollock aliifupisha kwa ajili ya soko la Marekani, akamwondoa Hel kabisa, kwa hoja kwamba jina hilo lingesikika kwa Waingereza na Wamarekani kama neno lao la jehanamu. Nchini Ujerumani nako filamu ilikatwa. Kwa takriban miaka 80 matini kamili ilidhaniwa kuwa imepotea. Kazi ya ukarabati iliyokamilika mwaka 2001 ilikusanya vipande kutoka hifadhi mbalimbali, na mahali palipokosekana picha pakawekwa maandishi ya kueleza yaliyokuwapo.

Kilichoiokoa matini hii ni mkusanyaji. Mwaka 1928 msambazaji mmoja wa filamu alipeleka nakala ndefu Buenos Aires. Mhakiki wa filamu Manuel Peña Rodríguez aliipata na kuiweka katika mkusanyiko wake. Mkusanyiko huo baadaye ulipita katika mikono ya taasisi ya umma, filamu ikanakiliwa katika ukanda mwembamba wa milimita 16, na mwaka 1992 ikafika katika jumba la makumbusho la filamu la jiji hilo. Hakuna aliyetambua kilichokuwamo. Mtafiti Fernando Martín Peña alikuwa amesikia simulizi ya meneja wa klabu ya filamu aliyewahi kuonyesha nakala hiyo na kulazimika kuubana ukanda kwa kidole kwa zaidi ya saa mbili ili picha isitikisike. Swali likazuka: iwapo filamu inayojulikana ni fupi zaidi, kidole hicho kilibana nini muda wote huo? Mwaka 2008 Peña pamoja na Paula Félix-Didier, mkurugenzi wa jumba hilo, walilifungua kasha na kuyakuta mandhari ambayo ulimwengu haukuwa umeyaona tangu 1927.

Ni muhimu kusisitiza kwamba mkusanyaji wa asili alikuwa mhakiki. Aliihifadhi nakala ambayo wenye mali waliiona kuwa ndefu kupita kiasi. Katika toleo la mwaka 2010 vipande vya Buenos Aires vinatambulika mara moja: vimejaa mikwaruzo, na kingo za picha zimepungua kwa sababu ya unakili wa milimita 16. Warekebishaji hawakuificha tofauti hiyo. Mtazamaji anaona kwa macho yake mahali mswada mmoja unapoishia na mwingine unapoanza, kama vile mhariri makini anavyoonyesha ubeti uliotoka katika mswada wa pili.

Gojira: Toleo Linapogeuza Dhamira

Katika Metropolis ukataji uliua motisha ya mhusika. Katika Gojira uligeuza dhamira. Filamu hii ya Ishirō Honda ilitolewa Japani tarehe 3 Novemba 1954, miezi minane tu baada ya wavuvi wa chombo Daigo Fukuryū Maru kuangukiwa na majivu ya bomu la majaribio la Marekani katika visiwa vya Bikini. Hadhira ya Japani haikuhitaji kuelezwa mnyama anayeibuka baharini kwa sababu ya mabomu anawakilisha nini.

Mwaka 1956 filamu iliingia Marekani kwa jina la Godzilla, King of the Monsters! ikiwa na mwigizaji Raymond Burr aliyepachikwa kama mwandishi wa habari wa Kimarekani anayetusimulia mkasa. Toleo la kwanza lilikuwa la dakika 96. Hili lilikuwa la dakika 80, licha ya kuongezwa mandhari mapya. Abiria wa treni anayetaja kwamba alinusurika Nagasaki aliondolewa. Onyo la mwisho la Profesa Yamane, kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea huenda mnyama mwingine akatokea, liliondolewa, na mahali pake msimulizi akatuhakikishia kuwa dunia inaweza kuishi tena. Usimulizi wenyewe umebadilisha mwenyewe: maafa ya Wajapani yanasimuliwa na raia wa nchi iliyoyalipua mabomu yale.

Kwa miongo mingi watazamaji wa Magharibi waliokuwa na Gojira nyumbani walikuwa na toleo hili. Ni mwaka 2006 ndipo diski iliyobeba matoleo yote mawili pamoja ilipotolewa Marekani. Yeyote aliyeandika kabla ya hapo kwamba filamu hii ni kiroja cha mnyama wa mpira alikuwa mkweli kwa nakala yake, lakini hakumtendea Honda haki.

Pingamizi na Wajibu

Yamkini msomaji atasema kwamba tunamtukuza mkusanyaji kupita kiasi. Kweli, wako wanaothamini kasha kuliko kilichomo, na mkanda usiofunguliwa ili bei yake isishuke ni matini isiyosomwa. Tena, neno "kamili" lililoandikwa juu ya diski mpya ni la biashara. Hata Metropolis ya mwaka 2010 ni matini iliyoungwaungwa: mpangilio wake ulitegemea kwa kiasi kikubwa alama zilizomo katika muziki ulioandikwa na Gottfried Huppertz kwa ajili ya onyesho la 1927, na bado kuna mandhari yanayoelezwa kwa maandishi tu.

Pingamizi hili linaitilia nguvu hoja yetu. Ikiwa hakuna nakala iliyo kamili, basi hakuna inayostahili kutupwa. Toleo fupi la Metropolis ndilo lililotazamwa na vizazi vya watazamaji, wahakiki na watengenezaji filamu. Historia ya upokezi wa filamu hiyo imo humo. Kadhalika, toleo la Burr ni ushahidi wa jinsi Marekani ya mwaka 1956 ilivyotaka kuisikia habari ya bomu. Maktaba moja ninayoifahamu iliziondoa kanda zake zote baada ya kununua diski, kwa maelezo kwamba filamu ni zilezile. Hazikuwa zilezile. Nazo kanda zilizosalia zinakabiliwa na hatari ya pili: tabaka la sumaku linachakaa, na kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kwa kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Mhakiki wa filamu ataje toleo, mwaka wa kutolewa kwa nakala, na muda wake kwa dakika, kama anavyotaja mswada wa utenzi. Mkusanyaji aandike juu ya kasha asili ya nakala yake pindi anapoipata, kabla kumbukumbu haijapotea. Nazo idara zetu zihifadhi walau nakala moja ya kila toleo, pamoja na mashine inayofanya kazi ya kuichezea.

Mkanda wangu wa Metropolis bado ninao. Kila mwaka wanafunzi wa kozi yangu huutazama kwanza na kuandika insha kuhusu motisha ya Rotwang. Wiki inayofuata huwaonyesha toleo la mwaka 2010. Insha zile za kwanza huwa sizisahihishi. Ninawarudishia wazisome wao wenyewe, na kwa kalamu ya rangi nyingine waonyeshe ni sentensi zipi walizoandika kuhusu Fritz Lang, na zipi waliandika kuhusu makasi.