Kichomi na Futi ya Fundi Cherehani

Mgonjwa haji akisema ana donge la damu kwenye mapafu. Anasema kichomi. Kimemshika ubavuni tangu juzi, akivuta pumzi kinamchoma, akipanda kilima kidogo tu anahema. Kutoka Bunda hadi Musoma neno hilo hutumika kwa nimonia, kwa kifua kikuu, kwa msuli uliovutika shambani, na mara chache kwa kitu kinachoweza kuua kabla ya jioni. Ninaowastahi ni wale matabibu na manesi wanaolisikia kichomi kutwa nzima, na la ishirini bado wanaliuliza maswali kama la kwanza.

Tuseme aliyekuja ni mama wa miaka 28 kutoka kijiji cha Butiama. Homa hana. Malaria imepimwa, hakuna. Makohozi yamepelekwa maabara. Eksirei imerudi, haionyeshi kitu. Mwenye haraka atamwandikia antibayotiki na panado, na kwa wagonjwa wengi atakuwa amepatia, maana nimonia ni nyingi na donge ni adimu. Mwenye mkono mzuri anabaki na ile eksirei mkononi. Kifua kisafi hivi, mbona mtu anahema hivi? Anakaa, anatazama saa, anahesabu pumzi dakika nzima. Wengi huhesabu robo dakika wakazidisha kwa nne, na pumzi za mtu mwenye wasiwasi hazizidishiki vizuri.

Kisha lile swali la dawa. "Unatumia dawa yoyote?" Hapana. Wala hajadanganya. Dawa ni za mgonjwa, naye mpaka juzi hakuwa mgonjwa; vile anavyomeza kila jioni ni majira. Tena mama mkwe aliyemsindikiza amekaa palepale kwenye benchi. Fundi hamshindilii maswali mbele ya watu. Anamwomba mama mkwe aende dirishani kulipia kipimo, anasogeza kiti, anauliza upya kwa sauti ya chini, kwa Kijita au Kizanaki ikibidi: uzazi unaupanga kwa njia gani, kijiti, sindano, majira? Tangu lini? Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu hatari ya majira iko juu zaidi katika miezi ya mwanzo, na hupanda tena kwa aliyeyaacha kwa muda kisha akayarudia. Ikitokea wiki iliyopita alikaa siku nzima ndani ya basi kutoka Dar es Salaam, magoti yamebanwa na mizigo, nalo linaandikwa. Damu iliyotuama mguuni huganda kwa urahisi, na estrojeni iliyomo kwenye majira hulifanya ini litengeneze zaidi zile protini za kugandisha damu. Donge likikatika huko mguuni hupandishwa na damu hadi moyoni, na moyo hulisukumia mapafuni.

Aliyeligundua hili kwa upande wa vidonge hakuwa profesa. Mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya Marekani kuviidhinisha kwa kuzuia mimba, daktari wa familia nchini Uingereza, W. M. Jordan, aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu mgonjwa wake mmoja aliyepata donge mapafuni akivitumia. Alichofanya ni kuuliza na kuandika. Vidonge vya siku hizo vilikuwa na estrojeni inayozidi mikrogramu 100. Vya kawaida leo vina 30. Kati ya wanawake 10,000 wasiotumia, wapatao 2 hupata donge kwa mwaka. Kwa watumiaji wa majira yenye levonogestreli ni kama 5 hadi 7. Ujauzito na wiki za baada ya kujifungua vina hatari kubwa kuliko hiyo, ndiyo maana nesi mzuri hamtishi mtu aache vidonge vyake usiku huo bila njia nyingine.

Nirudi kwenye mguu, maana hapa ndipo ninapopenda kutazama. Kutoka mfukoni inatoka futi, ileile ya fundi cherehani. Vidole vinatafuta kinundu cha mfupa chini ya goti, vinashuka sentimita 10, vinazungusha futi kwenye shavu la mguu bila kubana. Mguu wa pili vilevile. Tofauti ikizidi sentimita 3, Philip Wells wa Kanada alishaihesabia alama kwenye orodha yake ya donge la mguu. Kwa mapafu ana orodha nyingine: dalili za donge mguuni alama 3, mapigo ya moyo kuzidi 100 alama moja na nusu, kukohoa damu moja, na alama 3 nzima iwapo tabibu haoni ugonjwa mwingine unaolieleza tatizo vizuri zaidi. Wells hakuuliza majira. Jeffrey Kline wa Marekani, kwenye orodha yake ya mwaka 2004, aliuliza. Anayezijua zote mbili hajengi nyumba juu ya moja.

Kipimo cha CT chenye dawa ya kung'arisha mishipa ndicho kinachokata shauri, lakini hicho ni cha hospitali kubwa, kama Bugando ya Mwanza. Kabla ya safari hiyo kuna altrasaundi. Mtaalamu anabonyeza juu ya mshipa wa paja: mshipa mzima hulala bapa kama tyubu ya baiskeli isiyo na upepo. Wenye donge hukataa kubonyea. Hapo sindano ya heparini inaweza kuanza bila kuingoja Mwanza.

Siku ya kuruhusiwa, kazi bado ipo, na hii humchukua nesi muda mrefu kuliko futi na mashine. Majira yenye estrojeni ndiyo basi tena. Wafarini aliyoandikiwa huharibu mimba changa, kwa hiyo hawezi kwenda nyumbani mikono mitupu. Kijiti mume atakipapasa mkononi. Kitanzi cha shaba hakionekani, ila kinaweza kuzidisha hedhi, na damu yake sasa inazuiwa kuganda. Nesi na mgonjwa wanalipima suala hilo neno kwa neno. Mama mkwe amefika na kanga ya kubebea vyombo, anachungulia mlangoni.

"Mama, shikamoo. Naomba utusubiri kidogo hapo nje."