Heko kwa Waata, Mabingwa wa Upinde
Wafugaji wa Isiolo wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Leo sifa ziwaendee Waata, wawindaji walioishi miongoni mwa wafugaji wa Kiborana. Kwao porini palikuwa shule ya familia: mtoto alimfuata baba, akajifunza kusoma nyayo na upepo, kupika sumu ya mshale kutokana na miti, na kumnyemelea swala au ngiri bila kukanyaga kijiti kikavu. Nguvu za kuvuta upinde zilikuja baadaye. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na watu waliokula kwa mshale wakawekwa fungu moja na majangili. Haikuwa haki. Ili kurekebisha hilo, hifadhi za Buffalo Springs na Shaba huko Isiolo zinapoajiri askari wa wanyamapori, ziwakumbuke vijana wa Waata.