Mikono Iliyoshona Gauni

YouTube imejaa wanawake wanaoshona na kuvaa mavazi ya karne ya 19: koseti, sketi zilizotandazwa kwa pete za chuma, pindo za kushonwa kwa mkono. Wanabishana hadi aina ya uzi. Kazi safi kabisa. Lakini gauni la tajiri wa Marekani la miaka ya 1860 lilikuwa na fundi, na fundi mmoja alituachia kitabu.

Elizabeth Keckley alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1818. Katika Behind the Scenes (1868) anasimulia jinsi sindano yake ilivyolisha watu 17 mjini St. Louis kwa miaka 2 na miezi 5, ikiwemo familia iliyommiliki. Mwaka 1855 alijinunua pamoja na mwanawe kwa dola 1,200. Wateja walimkopesha, akawalipa kwa kushona. Baadaye akawa fundi wa Mary Lincoln, mke wa rais.

Kama kitabu cha ushonaji, kinaudhi. Unatafuta vipimo, unapewa mambo ya Ikulu. Gauni la kwanza la Mary, hariri ya rangi ya waridi, tunalijua zaidi kwa ugomvi: lilichelewa, Mary akasusa, ati hashuki kwa wageni. Keckley akambembeleza, akamvisha, akashuka. Ila hapo ndipo kitabu kinapata nguvu. Fundi anaona mwili wa mteja, hasira zake, hata madeni yake. Mgeni wa sebuleni haoni hayo.

Kitabu kilichapisha pia barua za Mary. Hapo simtetei: barua za rafiki si kitambaa cha kukata utakavyo. Lakini kwani hasira ya watu ilikuwa ya barua tu? Mwaka huohuo kilitoka kijitabu cha kumkejeli, “mwandishi” wake akitia alama ya X badala ya sahihi, kana kwamba fundi mweusi hajui kuandika. Kushona aliruhusiwa. Kusema alichokiona, hapana. Wateja wakamkimbia.

Smithsonian inahifadhi gauni la mahameli ya zambarau linaloaminika kuwa kazi yake. Wanaoshona nakala za nguo kama hizo husifiwa kwa uhalisi wa kila mshono. Uhalisi huo utabaki nusu mpaka wasome pia alichoandika fundi alipoweka sindano chini.