KUVISOMA VISIWA KUPITIA RIWAYA ZA SHAFI ADAM SHAFI

Jamii ya visiwa iliyotoka katika ukoloni haieleweki kwa kusoma hotuba na tarehe peke yake. Waandishi wake nao ni walimu. Kwa sisi tunaofundisha siasa hapa Moshi jambo hili ni la lazima, kwa sababu wanafunzi wetu wengi huitazama Zanzibar kwa macho ya kihamba.

Mkulima wa Kilimanjaro, ingawa walowezi walimpunguzia ardhi, alikuwa na kihamba chake cha migomba na kahawa. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa juu ya bei na soko, na katika mapambano hayo KNCU iliundwa mwaka 1933. Unguja mambo yalikuwa mengine. Mkulima maskini alipanda muhogo wake chini ya mikarafuu ya bwana, na bwana aliweza kumfukuza. Anayeusahau mkinzano huo atayaona Mapinduzi ya Januari 1964 kuwa ni ghasia tu.

Hapo ndipo inapoonekana thamani ya Shafi. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inaonyesha jinsi ukabaila unavyomiliki ardhi na fikra pia: Kijakazi anamtumikia Fuad akiamini kwamba ndiyo kazi aliyoumbiwa. Kuli (1979) inatupeleka bandarini, kwenye mgomo wa 1948, ambako mvujajasho anajifunza kwamba peke yake hana nguvu.

Lakini kasoro ipo. Mapambano yamechorwa kwa rangi mbili tu. Msomaji anaweza kudhani kwamba kabaila akiondoka, uonevu nao umeondoka.

Mwandishi huyo huyo alirudi kwenye swali hilo katika Haini (2003), riwaya ya wafungwa wanaoteswa katika nchi iliyokwisha kujitawala. Wapo makada wanaovisifu vitabu viwili vya kwanza na kukiruka hiki. Huo ni woga, na woga haumlei kada. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Usingalikataza kama hatari hiyo isingalikuwako miongoni mwetu wenyewe.

Kwa hiyo vitabu hivi vitatu vifundishwe pamoja, kwa mfuatano wake. Mwanafunzi aulizwe: nani alimiliki ardhi, nani alibeba mzigo, na baada ya ushindi nani alishika funguo za gereza? Akiyajibu yote matatu bila kusita, ameanza kuielewa Zanzibar, na ameanza kuuelewa wajibu wake kama kada.