Mawingu ya Jangwani: Uhakiki wa Sura ya "Maji" katika Desert Solitaire

Methali isemayo "Dalili ya mvua ni mawingu" imezoeleka hata wasomaji wengi huichukua kama kanuni ya usimulizi: mawingu yakitanda mwanzoni mwa kisa, mvua hungojewa mwishoni. Edward Abbey (1927–1989), mwandishi wa Marekani, aliivunja kanuni hiyo katika sura ya "Maji" ya kitabu chake Desert Solitaire, kilichotolewa mwaka 1968. Kitabu hicho kilitokana na kazi yake ya ulinzi wa hifadhi ya Arches, katika jimbo la Utah, mwaka 1956 na 1957.

Kwa upande wa maudhui, sura hiyo yazungumzia kiu, chemchemi, mchanga unaozamisha, na mvua za radi za Julai na Agosti. Asubuhi anga ni jeupe. Kufikia adhuhuri mawingu hujikusanya juu ya milima. Alasiri ngurumo husikika. Mambo mawili hufuata, na yote mawili yapingana na methali. La kwanza ni mvua inayoning'inia chini ya wingu mfano wa pazia, ikanywewa na hewa kavu kabla haijagusa ardhi. Mtembeaji huitazama asilowe. La pili ni gharika lisilo na wingu. Msimulizi amesimama katikati ya korongo kavu, jua likimwakia. Anahisi mtetemo chini ya nyayo zake, kisha anaona ukuta wa maji ya tope ukizunguka kona na kumjia. Mvua ilikwisha kunyesha mahali asipopaona. Miamba mitupu na ardhi ngumu hazikuinywa, nayo ikakimbilia korongoni yote kwa pamoja.

Kwa upande wa fani, ustadi wa Abbey umo katika mpangilio wa hisi. Waandishi wengi wa matembezi ya jangwani hulikabidhi anga kazi yote ya taharuki: wingu linakuwa jeusi, moyo wa mtembeaji unakuwa mzito, na mandhari inageuka kioo cha nafsi. Abbey huihamisha taharuki kutoka angani hadi ardhini. Unyayo na sikio hujua kabla ya jicho. Kwa hiyo kisa hakihitaji safari ndefu. Hatua chache ndani ya korongo zatosha.

Hata hivyo, sura hiyo ina upungufu ambao matukio ya baadaye yameuweka wazi. Msimulizi wa Abbey ana ukingo wa kupandia. Akishaupanda, gharika humgeukia tamasha, na lugha yake hujaa furaha ya mtazamaji. Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo la Antelope, kwenye ardhi ya Wanavaho huko Arizona, watalii 11 walikufa kwa gharika la namna hiyohiyo. Korongoni kwenyewe mvua ilikuwa haba. Dhoruba ilinyesha maili kadhaa upande wa juu. Kuta za korongo hilo ni ndefu na zimebanana, wala hapana ukingo. Matembezi yao yalikuwa mafupi, kama yale ya kitabuni. Msomaji anayeirudia sura ya Abbey baada ya tukio hilo hutambua kwamba uzuri wa maelezo yale ulitegemea jambo moja ambalo mwandishi hakulipima vya kutosha: mahali aliposimama msimulizi.

Swali hilo la mahali lamhusu pia mfasiri wa Kiswahili. Watu wa Utah wana neno lao mahsusi kwa njia ya maji iliyokauka. Mfasiri akiandika "mto", msomaji atatarajia maji tangu mwanzo, na kisa kitakuwa kimekwisha kabla ya kuanza. "Bonde" ni pana mno. Lina nafasi ya kukimbilia. "Wadi" lingefaa kwa maana, lakini lingemhamishia msomaji Uarabuni au Sahara. Neno "korongo" ndilo linalobeba kina, kingo na wembamba. Inafaa liambatane na "kavu" mara ya kwanza tu, kisha liachwe peke yake, ili msomaji, kama mtembeaji, asahau kwamba maji ndiyo yaliyolichimba.

Kwa kuhitimisha, sura ya Abbey haiibatilishi methali bali huionyesha mipaka yake. Waliotunga methali hiyo waliishi chini ya mvua yao wenyewe: wingu lao lilikuwa juu ya paa lao. Jangwani, wingu la mtu mmoja ni maji ya mtu mwingine. Mhakiki wa maandishi ya namna hii asiishie kuuliza wingu lina maana gani. Aulize kwanza liko juu ya nani, na ardhi imeinamia wapi.