Nafasi ya Kukanyaga

Mama anayeanika dagaa kando ya Ziwa Victoria, hapa Musoma, hajazi uwanja wote. Huacha kijia kati ya wavu na wavu, apite akigeuza bila kukanyaga alichokianika. Kijia hicho hakiuzwi kwa debe, lakini bila hicho debe lenyewe halijai.

Sikulijua somo hilo siku nilipopeleka katiba ya kikundi chetu cha vikoba kwenye steshenari moja ya Kitaji. Bei ilikuwa kwa ukurasa, na kurasa zilikuwa saba. "Dada, ibane basi iwe sita." Akanitazama, akaisogeza pambizo ya kushoto hadi sentimita moja. Ukurasa wa saba ukatoweka, nikalipa nikichekelea.

Katibu akaitoboa kwa panchi iingie kwenye faili. Kitovu cha tundu la panchi hukaa milimita 12 kutoka ukingo wa karatasi, na tundu lenyewe lina upana wa milimita 6 hivi. Likatua juu ya kifungu cha mikopo. Tulikuwa tumeandika, "Si lazima kila mwanachama akope." Tundu likala "si". Katibu akasoma kwa sauti kilichobaki, kikao kikachafuka.

Nikarudi kwa yule dada, kichwa chini. Hakunisema. Wengine husukuma mistari kwa kubonyeza nafasi mara ishirini. Ukiongeza neno moja tu, mistari yote inalewa. Yeye alifungua mpangilio wa ukurasa, akaacha sentimita 2.54 juu, chini na kulia, ile inchi moja ambayo Word huja nayo, kisha kushoto akaandika 3.8. Kurasa zote zikatii kwa mpigo. "Hapa ni pa panchi," alisema. "Na ukichapa pande mbili, upana huu uhamie kulia kwa ukurasa wa nyuma, matundu yakutane."

Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kwa vipimo vya yule dada, maneno yalibaki na 14.66. Zaidi ya sentimita sita nilizilipia zikiwa tupu.

Kikao kilichofuata, bibi mmoja alipinga kiwango cha faini. Hakubishana. Aliomba kalamu, akaivuta katiba, akaandika pendekezo lake pale pembeni, kando ya kifungu chenyewe, pakamtosha.